Sheikh Al-Amin Mazrui: Kadhi aliyeifanya nasaha kuwa kazi ya maisha

JINA la Port Reitz, upande wa bara wa Mombasa, ni la mgeni aliyekaa katika mji huo miezi michache tu. Luteni John James Reitz, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, aliachwa Mombasa mapema mwaka 1824 kusimamia ulinzi ambao viongozi wa ukoo wa Mazrui walikuwa wameuomba ili wajikinge na Seyyid Said wa Oman. Homa ikamuua mwaka huo huo. Jina lake likabaki kwenye hori lililo magharibi ya kisiwa, na baadaye kwenye mtaa uliokua kando ya hori hilo katika eneo la Changamwe.

Waingereza waliondoa ulinzi huo mwaka 1826. Miaka 11 baadaye, mwaka 1837, Seyyid Said aliuteka mji, na viongozi kadhaa wa Mazrui wakakamatwa na kupelekwa kifungoni Bandar Abbas, katika Ghuba ya Uajemi. Utawala ukawatoka. Waliosalia Mombasa walibaki na kitu kingine, nacho ni elimu ya dini.

Katika ukoo huo ndimo alimozaliwa, Januari 27, 1891, Sheikh Al-Amin bin Ali Al-Mazrui, mwanachuoni aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Babu zake waliuongoza mji kwa amri na bunduki. Yeye aliuongoza kwa nasaha, na zaidi ya miaka 75 tangu alipofariki watu wa pwani bado wanalitaja jina lake kwa heshima.

Maisha yake yana somo kwa kila anayeendesha huduma ya ushauri nasaha iliyosimama juu ya imani, awe msikitini au kanisani. Huduma za namna hiyo hutafutwa sana katika mitaa ya bara ya Mombasa, tangu Likoni hadi Kisauni na Changamwe. Wanandoa waliokosana, ndugu wanaogombania urithi, wazazi waliokata tamaa na kijana aliyezama katika dawa za kulevya, wote kwa kawaida hubisha hodi kwa imamu au mchungaji kabla ya kufikiria kwenda kwa mtaalamu mwenye shahada ukutani.

Anayewapokea hukabiliwa na maswali ambayo Sheikh Al-Amin aliishi nayo. Anaushauri umma kwa lugha gani? Anasema nini wakati ukweli hauwafurahishi wanaomsikiliza? Na je, akishapokea mshahara wa serikali, sauti yake hubaki kuwa ile ile?

Yatima aliyelelewa na elimu

Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah bin Nafi Al-Mazrui, alikuwa mwanachuoni mkubwa aliyewahi kufungwa katika enzi ya Seyyid Barghash wa Zanzibar kwa sababu ya msimamo wake wa kidini. Aliachiliwa baada ya Barghash kufariki mwaka 1888. Mzee huyo aliaga dunia mwaka 1894, na kumwacha mwanawe akiwa bado mtoto mdogo sana.

Malezi na masomo ya yatima huyo yalichukuliwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Al-Mazrui, mwanachuoni ambaye baadaye alimwoza binti yake. Kwa hiyo mtu ambaye maisha yake yote yangepita katika kusikiliza matatizo ya nyumba za watu alianza kwa kupokelewa katika nyumba ya jamaa.

Alipokua alivuka bahari kwenda Zanzibar, ambayo wakati huo ilikuwa kitovu cha elimu ya Kiislamu katika Afrika Mashariki. Huko alisoma kwa mabwana wawili waliokuwa nguzo za zama zao, Sayyid Ahmad bin Sumayt na Sheikh Abdallah Bakathir. Wote wawili walifariki mwaka 1925.

Licha ya masomo ya vitabu vya kale, Sheikh Al-Amin alifuatilia maandishi yaliyotoka Misri. Aliathiriwa na fikra za Sheikh Muhammad Abduh na za mwanafunzi wake Rashid Rida, mhariri wa jarida la Al-Manar lililoanzishwa Cairo mwaka 1898. Wanazuoni hao walihimiza kwamba Waislamu warudi kwenye misingi ya dini yao, waachane na mila zisizokuwa na asili, na wakati huo huo wajifunze elimu ya kisasa bila hofu.

Mji uliokuwa ukibadilika

Ili kuelewa uzito wa kazi yake, hapana budi kuitazama Mombasa ya wakati wake. Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza mwaka 1896. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na mashamba yaliyotegemea kazi ya watumwa yakaanza kudorora. Mwaka uliofuata, 1908, ilitungwa sheria ya hatimiliki za ardhi, na ardhi ikawa bidhaa ya kuandikwa, kurehaniwa na kuuzwa.

Katika miaka ya 1920 bandari ya Kilindini ilijengewa magati ya maji ya kina, na watu kutoka bara wakamiminika kutafuta kazi. Kisha ulikuja mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza mwaka 1929.

Familia nyingi za Waislamu wa pwani zilijikuta katika hali ngumu. Mapato yalipungua, lakini gharama za harusi, matanga na mashindano ya fahari hazikupungua. Watoto waliosoma shule za misheni walipata kazi za afisini, na wale ambao wazee wao waliziogopa shule hizo walibaki nyuma. Mji ulikuwa na majonzi na lawama nyingi, lakini mashauri yaliyopangwa yalikuwa haba.

Karatasi ya nasaha

Hapo ndipo Sheikh Al-Amin alipofanya jambo lililokuwa jipya kwa mwanachuoni wa pwani. Mwaka 1930 alianza kutoa karatasi aliyoiita Sahifa, iliyoandikwa kwa Kiswahili. Mwaka 1932 ikafuatiwa na gazeti la Al-Islah, lililochapishwa kwa Kiswahili na Kiarabu. Haya yanahesabiwa kuwa miongoni mwa magazeti ya mwanzo kabisa ya Kiislamu katika lugha ya Kiswahili.

Uamuzi wa kuandika kwa Kiswahili haukuwa mdogo. Kiarabu kilikuwa lugha ya heshima na ya vitabu, na mwanachuoni aliyetaka sifa kwa wenzake aliandika kwa lugha hiyo. Sheikh Al-Amin alikimudu Kiarabu barabara, lakini hakuwaandikia wanachuoni peke yao. Alimkusudia mwenye duka, fundi seremala, baharia na mama mwenye nyumba. Katika mji wa mabaraza, mmoja akisoma kwa sauti, wengi hufaidika.

Jina la gazeti nalo lina maana. Islah ni neno la Kiarabu lenye maana ya kutengeneza kilichoharibika, na shina lake ndilo lililotupa maneno suluhu na usuluhishi. Aliyelichagua aliona kwamba kuutengeneza umma na kuwapatanisha watu wawili waliogombana ni kazi moja, ijapokuwa moja hufanywa hadharani na nyingine faraghani.

Katika makala zake aliwaonya watu dhidi ya kutumia mali kwa fahari katika harusi na misiba huku watoto wakikosa elimu. Alihimiza wasichana wasomeshwe, jambo ambalo wazee wengi wa zama hizo hawakulipenda. Alikemea ulevi na uvivu. Aliwauliza wasomaji wake ni mambo gani yafaa kuigwa kutoka kwa Wazungu, na akawaelekeza kwenye bidii, elimu na umoja wao, huku akiwatahadharisha na kuiga mambo ya nje tu, kama vile mavazi na anasa.

Mtindo wake unastahili kuangaliwa. Aliandika kwa ufupi na kwa maneno ya kawaida, akianzia kwenye jambo ambalo kila mtu amelishuhudia mtaani. Aliwalaumu watu wake kwa ukali, lakini lawama hiyo aliitoa kama mmoja wao, akisema juu ya hali yetu na makosa yetu. Msikilizaji hukubali kukemewa na ndugu mapema kuliko kukemewa na hakimu.

Gharama ya kusema kweli

Nasaha hizo hazikupokelewa na wote kwa furaha. Sheikh Al-Amin alipinga baadhi ya desturi ambazo aliziona ni uzushi katika dini, zikiwemo zile za kupita kiasi katika kuyatukuza makaburi na kuwaomba waliokufa. Desturi hizo zilikuwa na wafuasi wengi na watetezi wenye elimu na hadhi, na mjadala uliozuka umeendelea katika pwani hadi zama zetu.

Mtu anaweza kukubaliana naye au kutokubaliana naye katika mas-ala hayo. Lakini yafaa kukumbuka kwamba yeye mwenyewe alikuwa zao la vyuo vya mabwana wa Zanzibar walioheshimiwa na pande zote, na kwamba aliyemkosoa alimjibu kwa hoja na kalamu. Mshauri anayeogopa kuchukiwa atawaambia watu yale tu wanayotaka kusikia, na hapo ushauri wake hauna faida tena.

Kadhalika, alijibu changamoto kutoka nje ya jamii yake. Tafsiri ya kwanza kamili ya Kurani kwa Kiswahili, iliyotolewa mwaka 1923, ilikuwa kazi ya kasisi wa Kianglikana, Godfrey Dale, aliyekuwa Zanzibar. Miaka ya 1930 wahubiri wa Ahmadiyya nao walifika Afrika Mashariki na kuanza kuchapisha kwa Kiswahili. Sheikh Al-Amin aliandika vitabu vidogo vya mafundisho, na akaanza tafsiri yake ya Kurani, ambayo mauti yalimkuta hajaimaliza. Sehemu zake zilichapishwa baada ya kifo chake.

Kutoka gazetini hadi mahakamani

Mwaka 1932 Sheikh Al-Amin aliteuliwa kuwa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, cheo alichokishika hadi alipofariki.

Ukadhi wa wakati huo ulikuwa na msingi wa pekee. Kwa mkataba wa mwaka 1895, ukanda wa pwani wa maili kumi ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, huku Waingereza wakiuendesha kwa niaba yake na kuilipa Zanzibar kodi ya kila mwaka. Sheria ya Kiislamu na makadhi wake viliachwa viendelee. Kisiwa cha Mombasa pamoja na Port Reitz, Likoni na Kisauni vyote vilikuwa ndani ya ukanda huo.

Hivyo Mwislamu wa eneo hilo aliyekuwa na shauri la ndoa, talaka au mirathi alimwendea kadhi. Lakini kadhi alilipwa na serikali ya kikoloni, na juu yake walikaa majaji wa Kiingereza waliosikiliza rufaa.

Kazi ya kadhi ni hukumu, lakini mwenye busara hujua kwamba hukumu ni ngazi ya mwisho. Katika mafunzo ya Kiislamu, mume na mke wakihitilafiana, huteuliwa msuluhishi mmoja kutoka upande wa mume na mmoja kutoka upande wa mke, wakae wasikilize na watafute mapatano. Mirathi nayo, ijapokuwa mafungu yake yamewekwa na sheria, hugawanywa kwa amani pale tu ndugu wanapokubali kukaa pamoja. Hapo kadhi huwa mshauri kwanza, na hakimu baadaye.

Hata hivyo, cheo hicho kilikuwa na gharama yake. Gazeti la Al-Islah halikudumu baada ya mhariri wake kuingia katika utumishi wa serikali. Lilikoma mwaka 1933. Sauti iliyokuwa ikiuonya umma mzima kila wiki iliingia katika chumba cha mahakama, ambako husikika na wahusika wa shauri tu.

Je, ilikuwa hasara? Kwa msomaji wa gazeti, bila shaka ilikuwa hasara. Kwa mjane aliyenyimwa fungu lake na shemeji zake, kadhi mwadilifu alikuwa na faida kuliko makala kumi. Mtu mmoja hawezi kuwa mahali pawili, na Sheikh Al-Amin alichagua mahali ambapo neno lake lingekuwa na nguvu ya kutekelezwa.

Lakini hakuiacha kalamu kabisa. Makala zake za awali zilikusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi, ambacho kimeendelea kusomwa kizazi baada ya kizazi. Mwaka 2017 makala hizo zilitolewa pia kwa tafsiri ya Kiingereza, katika kazi iliyosimamiwa na Kai Kresse na Hassan Mwakimako. Aliandika pia, kwa Kiarabu, historia ya ukoo wake wa Mazrui na utawala wao wa Mombasa, ambayo ilichapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995.

Wanafunzi na wana

Sheikh Al-Amin alifariki Aprili 1, 1947, akiwa na umri wa miaka 56. Urithi wake mkubwa ulikuwa wanafunzi.

Mmoja wao, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, alikuwa Kadhi Mkuu tangu mwaka 1963 hadi 1968, naye akaiendeleza kazi ya uandishi wa Kiislamu kwa Kiswahili kupitia jarida la Sauti ya Haki katika miaka ya 1970. Mwingine, Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Zanzibar, alimfuata katika cheo hicho mwaka 1968. Ndiye aliyetoa mwaka 1969 tafsiri kamili ya Kurani kwa Kiswahili ambayo inapatikana katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki. Alichokianza mwalimu, mwanafunzi alikifikisha mwisho.

Mwanawe, Profesa Ali Mazrui, alikuwa na umri wa miaka 14 tu baba yake alipofariki. Mzee alitumaini kumpeleka Al-Azhar nchini Misri akasome dini. Mwana alikwenda Manchester, Columbia na Oxford, akawa msomi wa siasa mwenye sifa duniani kote. Alipofariki Marekani mwaka 2014, alirudishwa Mombasa na kuzikwa katika makaburi ya Mazrui karibu na Fort Jesus.

Mahakama ya kadhi nayo ilivuka zama. Makubaliano ya mwaka 1963, yaliyouunganisha ukanda wa pwani na Kenya, yaliihifadhi. Katiba ya mwaka 2010 ikaitambua katika mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kwenda mbele ya kadhi. Katiba hiyo hiyo inazitaka mahakama kuhimiza upatanishi na njia nyingine za kumaliza migogoro nje ya kesi.

Somo kwa washauri wa leo

Anayeanzisha huduma ya ushauri katika chumba cha nyuma cha msikiti au kanisa pale Port Reitz anaweza kuchota mambo matatu kwa Sheikh huyu.

La kwanza ni elimu. Hakuanza kuwashauri watu kwa sababu ya jina la ukoo wake. Alikaa miaka mingi chini ya walimu. Leo elimu hiyo ina sehemu ya pili. Kenya ina sheria ya mwaka 2014 inayosimamia washauri nasaha na wanasaikolojia, na kiongozi wa dini anayefanya kazi hii hana budi kujua ni lini ajifunze zaidi na ni lini ampeleke mtu kwa mtaalamu. Mgonjwa wa akili huhitaji dua na dawa pia. Hospitali iko mtaani humo humo, na kumsindikiza mtu hadi mlangoni pake hakupunguzi imani ya mtu yeyote.

La pili ni lugha. Nasaha iliyojaa maneno makubwa, yawe ya Kiarabu au ya vitabu vya saikolojia, humwacha mwenye shida mahali pale pale alipokuwa.

La tatu, na ndilo gumu zaidi, ni kujua mahali pa kusemea. Makala za Sheikh zilikemea tabia za jamii hadharani, na mambo ya mume na mke yalikuwa na mahali pake mbele ya kadhi. Mshauri anayezichanganya njia hizo mbili, akaitoa siri ya chumbani na kuifanya mfano mimbarini, hata bila kumtaja mtu, atakuwa amefunga mlango wake mwenyewe. Katika mtaa ambao watu wanajuana, jina si lazima litajwe ndipo mwenyewe ajulikane.

Ukoo wa Mazrui ulipoteza mji mwaka 1837 na haukuurudisha tena. Lakini karne moja baadaye, mwenye ugomvi wa nyumba au wa shamba katika mji huo huo alikuwa akimpelekea shauri lake mtoto wa ukoo huo, akitumaini kusikilizwa na kupata haki. Watu hawakulazimishwa kuwa na imani hiyo. Ilijengwa polepole, kwa elimu, kwa ukweli na kwa subira ya kusikiliza, nayo ndiyo mtaji wa kwanza wa kila mshauri.